Mvua ya mbali, viatu vya maji na mume anayeogopa ukingo wa genge

Tangu nitaje hapa kwamba Ijumaa zetu nyingi, mimi na mume wangu, huishia wadini, maswali hayakatiki. Nimeyachagua yanayojirudia. Kwa asiyejua, wadi ni bonde la mto la huku Omani. Siku nyingi za mwaka huwa kavu, na likibanwa na majabali pande mbili linakuwa korongo hasa.

Dada, nasikia watu husombwa na maji huko jangwani. Jangwani maji yanatoka wapi? (Msomaji wa Dar es Salaam)

Yanatoka mlimani, tena mlima usiouona ulipo. Milima ya Hajar sehemu kubwa ni mwamba mtupu, haina udongo wala msitu wa kutosha kuinywa mvua. Ikinyesha nusu saa huko juu, maji huteremka kwa kila mkunjo wa jabali, mikunjo ikakutana, na yote yakalazimika kupita kwenye korongo ambalo pengine upana wake haushindi sebule yako. Wewe uko chini unakula tende, jua linawaka.

Ndiyo maana simwelewi mtu anayeniambia "mbona mbingu nyeupe". Hiyo mbingu anayoiona ni kipande tu kilichobaki baina ya kuta mbili. Huko Arizona, Marekani, tarehe 12 Agosti 1997, watu 11 walikufa ndani ya Antelope Canyon kwa mvua iliyonyesha mbali na pale walipokuwa. Wala usidhani ni balaa la wapenda matembezi peke yao: Aprili 2024 maji ya wadi yalishuka Samad al-Shan hapa Omani yakawachukua watoto wa shule waliokuwa garini.

Kwa hiyo sisi hutazama utabiri wa mlimani, si wa pwani. Tukifika kijijini tunamwamkia mzee wa kwanza tunayemkuta na kumuuliza habari za juu. Halafu natazama ukutani. Safari moja nilimwonyesha mume wangu kuti la mtende lililonasa kwenye ufa. Alinyoosha mkono, akasimama kwa ncha za vidole, hakulifikia. Naye ni mrefu. Nikamuuliza, "Unadhani nani kaliweka huko?" Alicheka, kisha akanyamaza. Tangu siku hiyo tunapumzika mahali ambapo tunaweza kupanda juu kwa miguu yetu, hata kama hapana kivuli kizuri. Maji yakigeuka rangi, au yakianza kuleta vijiti na majani, hatungoji mngurumo. Begi linabaki, sisi tunapanda.

Tunakuja Maskati mwezi wa kumi na mbili, mimi na mke wangu. Hatujawahi kutembea korongoni. Tuanzie wapi?

Wadi Shab, karibu na Tiwi, kama kilomita 140 kutoka Maskati kwa barabara ya Sur. Gari unaliacha chini ya daraja, kisha unavushwa kwa boti ndogo. Sisi tulilipa riali moja kila mtu, kwenda na kurudi. Kutoka hapo ni mwendo wa dakika 45 hivi, unapita mashamba ya mitende na falaji, yaani mifereji ya kumwagilia mashamba, halafu kokoto na mawe makubwa mpaka kwenye madimbwi ya kijani. Mbele ya hapo ni kuogelea tu. Mwishoni pana upenyo mwembamba kati ya miamba, kichwa ndicho kinachopita juu ya maji, na ndani yake pango lenye maporomoko. Asiyejua kuogelea aishie dimbwi la kwanza, na asione haya. Mimi mara ya kwanza niliishia hapo, nikalinda simu na nguo za mwenzangu, nikamaliza chupa ya kahawa peke yangu.

Nendeni asubuhi mapema, na kama mnaweza msiende Ijumaa. Chukueni lita 3 za maji kila mmoja, na kitu cha chumvi. Kandambili ziacheni hotelini. Mume wangu alikwenda nazo, moja ikachukuliwa na maji, akarudi amefunga mtandio wangu unyayoni. Raba kuukuu yenye soli ya kushika inatosha.

Nitaogeleaje na buibui?

Usiogelee nalo, likilowa ni zito kama gunia. Suruali ya mazoezi na fulana ya mikono mirefu, buibui ndani ya mfuko usiopenyeza maji. Mnapita kando ya nyumba za watu, kwa hiyo na wanaume nao wafunike magoti. Na msioge kwa sabuni kwenye falaji, kuna watu wanayategemea maji yale huko chini.

Kuna nyoka?

Wapo, na nge pia. Usitie mkono kwenye ufa usiouona ndani. Waliotudhuru sisi hadi leo ni mbuzi, waliotumalizia mkate.

Shikamoo dada. Mume wako haogopi? Wangu akipanda ghorofa ya tatu anashika ukuta.

Marahaba. Huyu wangu anaogopa, na hataki niandike. Kwenye mlima wa Jebel Shams kuna njia ya kale inayokwenda kwenye kijiji kilichohamwa, As Sab, ikipita ubavuni mwa genge, yaani jabali lililokatika wima. Chini yako ni shimo la karibu mita 1,000, wala hakuna ukingo wa kushika. Njia yenyewe ni pana ya kutosha, wanakijiji walipita na punda wao, ila macho hayakubali. Tulipanga hivi: yeye upande wa jabali, mimi upande wa shimo, na hatuzungumzi mambo ya pesa mpaka tufike. Akisema turudi, tunarudi. Mara ya kwanza tulirudi nusu njia. Nilinuna mpaka mjini Nizwa.

Sisi tuko Nairobi, nauli ya Omani hatuna.

Hifadhi ya Hell's Gate hiyo hapo, karibu na Naivasha. Korongo la Ol Njorowa lilichongwa na maji yaliyokuwa yakitoka kwenye ziwa la kale, na hata leo maji ya moto huchuruzika kutani, yaguse kwa tahadhari. Lakini Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu 7 humo, akiwemo mwongozaji wa hapohapo aliyelijua korongo. Ulizeni getini kama limefunguliwa siku hiyo. Mkiambiwa hapana, kodini baiskeli mzunguke na pundamilia huko juu.