Viwanda vya Marekani kurudi: majibu ya mbeba boksi wa Ohio

Mkuu umeuliza maswali mawili kwa mpigo, kwamba huu ushuru wa Trump kwenye bidhaa za nje utarudisha kweli kazi za viwandani huku, na kwamba mdogo wako anayesoma umeme VETA, chuo cha ufundi, aache akasome biashara kwa sababu "viwanda vimekufa dunia nzima". Naona wengi wamekujibu kichama tu, huyu Trump oyee, yule Trump mjinga. Mimi niko Ohio mwaka wa kumi huu, na miaka saba kati ya hiyo nimeila kwenye mashine kiwandani, sasa ngoja nikwambie nilichokiona.

Niliingia kwa ajensi. Hili watu wa nyumbani hawalijui, wanadhani unapeleka barua kiwandani unaajiriwa. Ajensi ndo inakupeleka, kiwanda kinailipa ajensi, ajensi inakata chake inakupa kilichobaki. 2016 nilianza na dola 11 kwa saa, jamaa wa pembeni yangu aliyeajiriwa na kiwanda chenyewe, mashine ileile, jasho lilelile, alikuwa anachukua 16 na bima juu. Unaambiwa ukimaliza siku 90 unaajiriwa. Siku 90 zangu zilichukua miezi kumi na nne. Na kuna mambo ya pointi, umechelewa dakika tano nusu pointi, hujaja pointi moja, zikifika saba kaa nyumbani, hata kama mtoto alikuwa hospitali.

Kazi yenyewe tunatengeneza vile vipande vya plastiki vya ndani ya gari, vya mlangoni na kwenye dashibodi. Mashine inayeyusha plastiki inaikandamiza kwenye moldi (kalibu), mlango unafunguka, unachomoa kitu bado cha moto, unapunguza makali kwa kisu, unakagua, unaweka kwenye boksi, mlango unafunguka tena. Sekunde hamsini. Masaa kumi. Kwa hiyo nyie mnaosema tunabeba boksi, mimi nilikuwa nayajaza, wabebaji walikuwa na foklifti.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja wa kizungu kwenye shifti yetu, zaidi ya miaka sitini, zamani alifanya kazi kiwanda kikubwa cha magari ambacho kilishafungwa. Kila tukikaa kula ni stori hizohizo, kwamba aliishia sekondari tu lakini alinunua nyumba akiwa na miaka 24, mke hafanyi kazi, ana boti, watoto wamesoma chuo. Siku moja nikamuuliza, mzee hiyo kazi ilikuwaje mpaka ikawa nzuri hivyo? Akacheka akasema kazi ilikuwa inachosha kama hii tu, ila joto lilizidi.

Hapo ndo nikaanza kuelewa huu mjadala wao. Wanasiasa wa pande zote mbili wanaongea kama vile kiwanda chenyewe ndo kilikuwa kitamu. Kilichokuwa kitamu ni mkataba. Yule mzee alikuwa na chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, watu waligoma miaka na miaka mpaka wakapata mshahara ule, pensheni ile na bima ile. Kiwanda kikirudi bila hivyo vitu kinarudi kwa dola 11 ya ajensi. Mfano uko hapa hapa Ohio, Moraine karibu na Dayton, General Motors (GM) walifunga kiwanda Desemba 2008, wakaja Wachina wa Fuyao wakanunua jengo 2014 wanatengeneza vioo vya magari, na ni kweli waliajiri watu wengi, mji ulifurahi, lakini waliokuwa GM walianza upya kwa chini ya nusu ya mshahara wa zamani. 2017 wakapiga kura kama waingie UAW, kura ya hapana ikashinda. Kazi zilirudi. Nyumba na boti hazikurudi.

Namba ziko hivi: mwaka 1979 Marekani ilikuwa na watu kama milioni 19.5 viwandani. 2000 bado milioni 17. 2010 wamebaki kama milioni 11.5, yaani ndani ya miaka kumi tu zimeyeyuka kazi zaidi ya milioni tano. Leo ni milioni 12 na ushee. Ukiwauliza huku nani kaua, mmoja atakwambia NAFTA, ule mkataba na Mexico na Canada ulioanza Januari 1994, mwingine atakwambia China kuingia WTO, Shirika la Biashara Duniani, Desemba 2001, na China kweli iliwachapa vibaya, kuna wachumi wa huku wamekadiria kwamba mpaka 2011 ilichangia kupotea kwa kazi kama milioni mbili ukihesabu na za nje ya viwanda. Lakini kuna mwizi wa tatu, roboti, hakuna anayemtaja jukwaani kwa sababu hana nchi ya kuiwekea ushuru. Sisi laini yetu ilikuwa na watu sita. 2019 wakaleta mkono wa roboti unachomoa kile kipande wenyewe, tukabaki wawili, na vipande vinatoka vingi kuliko zamani. Yule mzee alipostaafu hawakuajiri mtu.

Mimi ni mtoto wa Morogoro, na hapa naomba niende pembeni kidogo. Waliokulia Moro enzi zangu wanajua ile hali, king'ora kilichokuwa kinalia asubuhi hakilii tena, mageti yana kutu, baba anavaa ovaroli ya kiwanda kwenda shamba. Kiwanda cha viatu kilichojengwa kwa pesa za Benki ya Dunia, turubai, ngozi, vyote hivyo. Sasa mara ya kwanza nimepita Youngstown kaskazini mashariki ya Ohio nilipata kizunguzungu, nikasema hii ni Moro yenye barafu. Wale siku yao wanaiita Jumatatu Nyeusi, tarehe 19 Septemba 1977, kiwanda cha chuma kilitangaza kinafunga na watu kama elfu tano wakapoteza kazi. Karibu na hapo Lordstown, GM ilikuwepo tangu 1966. 2017 Trump akaenda Youngstown akawaambia watu msiuze nyumba zenu, kazi zote zinarudi. Machi 2019 Lordstown ikafungwa. Wakaja jamaa wa magari ya umeme wakanunua jengo, wakafilisika 2023. Kilichofanikiwa kuanza kazi kweli ni kiwanda cha betri cha GM na LG ya Korea Kusini, na wale walijiunga na UAW Desemba 2022 kabla ya mambo hayajapoa, wajanja sana.

Na msidhani upande wa Biden ni malaika wa ahadi. Intel walitangaza 2022 kiwanda cha chipu za kompyuta New Albany, hapo nje ya Columbus, dola bilioni 20, ajira elfu tatu, Biden mwenyewe akaja kuzindua ujenzi, ilikuwa kianze 2025. Sasa hivi wanasema 2030 na kuendelea. Huwa napita, winchi zipo, kazi za ndani hazipo.

Kuhusu ushuru wenyewe. 2018 Trump aliweka asilimia 25 kwenye chuma cha nje, Biden akaja akaacha sehemu kubwa, 2025 Trump karudi kapandisha mpaka 50. Wanaofua chuma Marekani nzima hawafiki laki moja. Wanaotumia chuma kutengeneza vitu vingine ni mamilioni. Sasa ukimpandishia bei huyu wa pili ili kumlinda wa kwanza unategemea nini? Sisi moldi zetu mpya zinatoka nje, bosi akatuita akasema bei imepanda, ovataimu imekufa, na mimi ovataimu ndo ilikuwa inatuma hela nyumbani. Miezi mingi ya 2025 idadi ya watu viwandani ilikuwa inashuka. Ushuru una sehemu yake, sikatai, nchi nyingi zilizojenga viwanda zililinda, lakini unalinda kitu unachokijenga kwa miaka, sio leo asilimia kadhaa kesho umefuta keshokutwa umerudisha. Nani atajenga kiwanda cha miaka thelathini kwa hesabu hizo.

Halafu kituko kingine, nani anajaza hizo kazi? Chumba chetu cha kulia chakula kina Kiswahili kuliko Kiingereza. Wakongo ndo wengi, dada mmoja kila siku ananiambia "kazi iko nguvu yaya", miaka miwili ya kwanza nilidhani anaisifia, kumbe anasema ni ngumu. Springfield, hapo hapo Ohio, Wahaiti walikuja wakajaza viwanda na maghala yaliyokuwa hayapati watu, shukrani yake Septemba 2024 wakasingiziwa na Trump kwenye mdahalo wa urais kwamba wanakula mbwa na paka za watu. Septemba 2025 jimbo la Georgia maofisa wa uhamiaji wakavamia ujenzi wa kiwanda cha betri cha Hyundai na LG wakakamata watu kama 475, wengi Wakorea waliokuja kufunga mitambo. Yaani unataka viwanda virudi, na anayekuja kufunga mitambo yake unampiga pingu.

Kwa hiyo swali lako la ushuru, tutaneemeka? Aliyeko kwenye mashine kama nilivyokuwa mimi, sioni. Lakini pale kwetu nafasi ya fundi umeme wa mitambo iko wazi miezi mitano sasa, dola 34 kwa saa, hakuna ajensi, na wazungu vijana hawaitaki. Mimi naisomea jioni chuo cha hapa mtaani na nina miaka 41, nakaa na watoto wa miaka 19 wananifundisha kupanga zile kompyuta za mashine. Mdogo wako asiache umeme. Na akimaliza VETA atafute kiwanda chochote hapo Bongo, hata cha soda, akazoee mota na paneli kwa mikono yake, hilo ndo huku wanaliuliza kwanza kwenye intavyuu, cheti wanakuja kukiangalia baadaye.