Muulize Bi Daftari: Nimlipe mhasibu, au nijaze ushuru mwenyewe?

*Shikamoo Bi Daftari. Nina kibanda cha leso na madera hapa Majengo, huu mwaka wa sita. Mwezi wa kawaida nauza kama 190,000, na ile miwili ya Ramadhani na Idi hufika 350,000. Marehemu mume wangu aliniachia vyumba vinne Kisauni, kila kimoja napangisha 6,500. Kila Juni huenda kwa kijana wa saiba, nampa 500, ananijazia sufuri, narudi zangu kazini. Sasa mwanangu aliye chuo ameiona ile karatasi, anasema sufuri hiyo itaniletea balaa. Nimekwenda kwa mhasibu mjini, ametaka 3,500 kila mwezi. Mwanangu asema tusimlipe mtu, tutajaza wenyewe kwa simu. Nimsikilize nani?*
*Mama Leso, Majengo*

Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu baba watoto.

Niseme kwanza kwamba mwanao ana haki ya kutishika. Ritani ya sufuri, yaani ile fomu ya mapato ya kupeleka KRA, mamlaka ya ushuru, ni ya mtu ambaye hakuingiza hata senti. Wewe una till ya kupokea pesa kwa simu ubavuni mwa kibanda, inayolia kutwa nzima, na ukinunua leso za jumla Biashara Street muuzaji akakuandikia risiti ya eTIMS, ule mfumo wa risiti za KRA, yenye PIN yako ya ushuru, ile risiti KRA wanayo kabla hujapandisha mzigo kwenye mkokoteni. Mtu anunue marobota ya leso mwaka mzima kisha aseme hakuuza hata moja? Yule kijana hakukuibia, alifanya alichoambiwa kwa pesa aliyopewa. Lakini hakukuuliza swali hata moja, na hapo ndipo 500 zako zilipopotea.

Sasa tuje kwa hesabu, maana bila hesabu tutabishana bure.

Miezi kumi ya 190,000 na miwili ya 350,000 ni 2,600,000 kwa mwaka. Mfanyabiashara ambaye mauzo yake yamepita milioni 1 na hayajazidi milioni 25 huingia kwenye ushuru wa mauzo ghafi, ule wanaouita TOT, na tangu 2023 kiwango chake ni asilimia 3. Unajazwa na kulipwa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Kwako wewe ni 5,700 mwezi wa kawaida, 10,500 mwezi wa sikukuu, jumla 78,000 kwa mwaka. Vyumba vya Kisauni vina ushuru wao mbali. Kodi yako ni 26,000 kwa mwezi, yaani 312,000 kwa mwaka, na mwenye nyumba za kuishi akipita 288,000 hutozwa asilimia 7.5 tangu Januari 2024. Hiyo ni 1,950 kwa mwezi, tarehe ni ile ile ya 20. Ukipaka rangi, ukibadilisha mabati, ukazibua choo, hakuna kinachopunguzwa hapo. Wanahesabu kodi tu, gharama ni shauri yako.

Angalia basi hesabu zenyewe. Mauzo mara 3 gawa kwa 100. Kodi mara 7.5 gawa kwa 100. Mtoto wa darasa la saba anaziweza. Ukishaingia iTax, ule mtandao wa KRA wa kujazia ushuru, na kuandika tarakimu, mtambo unakutolea namba ya malipo, unalipa kwa simu, kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Kumpa mtu 42,000 kwa mwaka akufanyie mara 3 gawa kwa 100, mwanangu, mimi siwezi kukushauri hivyo, na mimi mwenyewe nimekula mshahara wa uhasibu miaka 27 katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini.

Mhasibu wako angenijibu, na angekuwa na hoja, kwamba si lazima ubaki kwenye TOT. Waweza kumwandikia Kamishna uombe kutozwa kwa faida badala ya mauzo. Haya, tuipime. Tuseme baada ya bei ya mzigo, kodi ya kibanda, tokeni za stima, mshahara wa yule msichana na mkokoteni, faida yako kwa mwaka ni 600,000. Kwa viwango vya mtu binafsi, 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, 100,000 zinazofuata asilimia 25, zilizobaki asilimia 30. Jumla 117,400. Toa nafuu ya kila mkazi, 28,800 kwa mwaka, unabaki na 88,600. TOT ni 78,000, kwa hivyo hapo ungeumia.

Lakini kama faida yako ni 400,000 tu, hesabu hiyo hiyo inatoa 28,600. Umeokoa 49,400! Utamwona mhasibu amekaa vizuri kwenye kiti. Basi toa zake 42,000. Zimebaki 7,400, na kwa hizo 7,400 itakubidi karibu kila gharama, ukiacha kama mshahara wa msichana, uwe na risiti ya eTIMS, kwa sababu tangu Januari 2024 gharama isiyo na risiti hiyo kwa kawaida haihesabiwi. Na yule hamali wa mkokoteni asiye na eTIMS, risiti yake itakubidi uitoe wewe.

Kwa hivyo swali la kumpa mtu pesa au la haliwezi kujibiwa kabla hujaijua faida yako, na wewe katika barua nzima umeniambia mauzo, hukuniambia faida. Naona huijui. Usione haya, nusu ya Marikiti hawaijui yao.

Hapa ndipo kazi ilipo, si kwenye iTax. Nunua kauntabuku moja. Piga mistari, kurasa mbili zitazamane: tarehe, till, taslimu, mzigo, gharama nyingine. Kila magharibi kabla ya kufunga kibanda, andika. Usingoje Jumamosi, Jumamosi utakumbuka nusu. Na till iwe ya kuuzia tu. Nilimsaidia jirani yangu mmoja kupiga hesabu ya till yake, tukapata mauzo makubwa hata yeye mwenyewe akashangaa. Kumbe ndani mlikuwa na michango ya chama, pesa za nduguye aliye Omani za kumalizia nyumba ya mama yao, na shilingi 15,000 za harusi ya watu. Kwenye TOT, kila shilingi unayoshindwa kuieleza yaweza kuhesabiwa mauzo. Pesa za chama zipite kwenye laini yako, till iachie leso. Na madaftari yasitupwe, sheria inataka uyaweke miaka 5.

Mhasibu, hata hivyo, mtafute. Mlipe mara moja tu, kwa ajili ya hii miaka ya sufuri. Ritani zilizokwenda na uongo zinarekebishwa, na PIN yako inafaa iandikishwe wajibu wa TOT na wa kodi ya nyumba, maana mtambo hudai ritani ya kila wajibu ulioandikwa na hauulizi habari ya ambao haukuandikwa, mpaka siku utakapoulizwa wewe. Ushuru uliochelewa hubeba adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Kuamua urudi nyuma kiasi gani, uandike barua ipi, uombe kulipa kidogo kidogo vipi, hiyo ni kazi ya mtu aliyesomea, na afadhali uende kabla hawajakuita. Patana naye bei ya kazi hiyo yote, si ya mwezi. Muulize namba yake ya uanachama wa ICPAK, chama cha wahasibu wa Kenya. Akikasirika kwa kuulizwa, shika mkoba wako uondoke.

Na nywila ya iTax usimpe, hata akiwa ni shemeji yako. Wakala aliyesajiliwa huongezwa kwenye akaunti yako humo humo, akafanya kazi kwa nywila yake. Wakati uko humo tazama barua pepe iliyoandikwa. Nina wasiwasi utaikuta ya kijana wa saiba. Hao huweka zao ili kazi iende haraka, na barua za KRA za miaka sita zikawa zinamfikia yeye. Ikiwa huwezi kuibadilisha, nenda Huduma Centre pale Posta, Digo Road, na kitambulisho chako. Nenda asubuhi, na usiende wiki ya mwisho ya Juni, utasimama mpaka miguu ivimbe.

Nasema haya kwa uchungu wangu mwenyewe. Nilipostaafu nilifungua duka la vifaa vya shule. Kwa kiburi cha mtu aliyechoka na tarakimu nikasema, sasa wengine wanifanyie mimi. Nikampa mhasibu mmoja makaratasi na nywila, nikimlipa kila mwezi, na kila mwezi ananijibu, "Tayari, mama." Miezi kumi na minne. Nikapata zabuni ndogo ya shule, wakataka cheti cha kutii ushuru. Nikaingia mwenyewe, mara ya kwanza tangu nifungue duka. Hapakuwa na ritani hata moja, faini zimejipanga kama magari ya kuingia feri ya Likoni. Nilipompigia alisema mtandao ulikuwa chini. Miezi kumi na minne, mtandao uko chini! Zabuni ikaenda kwa mwingine na faini nikalipa mimi, kwa sababu PIN ilikuwa yangu. Tangu siku ile sikubali "tayari". Nataka ile karatasi ya uthibitisho yenye namba, mkononi, mwezi kwa mwezi.

Mwanao basi ajaze, lakini uketi naye. Akirudi chuoni, wewe ndiwe utakayebaki na tarehe 20.

*Bi Daftari, mimi ni mhudumu wa hoteli Bamburi. Mwaka jana nilifanya miezi minane, kisha wageni wakapungua tukaachishwa. Rafiki anataka 1,500 anijazie ritani. Nimpe?*
*Mhudumu, Mtopanga*

Usimpe. Mwenye mshahara tu anahitaji fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na ushuru uliokatwa, kutoka kwa mwajiri na nusu saa ya utulivu. Ukifanya kwa waajiri wawili, chukua P9 mbili uzijumlishe. Mwisho ni Juni 30, na ukichelewa ni 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa.

Wewe hasa nakuhimiza ujaze mwenyewe tena kwa makini, kwa sababu huenda ni KRA wanaokudai... la, huenda ni wewe unayewadai. Mwajiri alikukata kila mwezi kama mtu atakayefanya mwaka mzima. Chukua mfano mshahara wa kutozwa ni 45,000, makato mengine yakiwa yameshatoka. Kwa mwezi ulikatwa kama 5,883, miezi minane ni kama 47,000. Lakini mapato yako ya mwaka ni 360,000 tu, na ushuru wake, ukitoa nafuu ya 28,800, ni 18,000. Kama 29,000 zimezidi. Ritani ikionyesha hivyo, weka ombi la kurudishiwa, na uwe na subira, pesa hizo hazina haraka ya kurudi kama zilivyokuwa na haraka ya kwenda. Rafiki wa 1,500 ana mazoea ya kubonyeza mpaka pale panapoonyesha sufuri, akashukuru Mungu, akafunga.

*Mimi na ndugu yangu tumesajili kampuni ya kuuzia meli vyakula na maji. Bado hatujapata kazi. Leseni ya kaunti tumelipa. Tutahitaji mhasibu?*
*Wawili wa Tudor*

Ndiyo, na msingoje kazi ije. Leseni ya kaunti ni ya kaunti, haiwahusu KRA hata kidogo. Kampuni hutakiwa kupeleka ritani ndani ya miezi sita baada ya mwaka wake wa hesabu kuisha, hata kama haijauza chupa ya maji, na kuchelewa kwa kampuni ni 20,000 au asilimia 5, si 2,000 za mtu binafsi. Mkipata zabuni mbili tatu za meli mtapita milioni 5 kwa mwaka, mtaingia VAT, ule ushuru wa thamani iliyoongezwa, na VAT ya vitu vinavyopelekwa melini ina mambo yake ambayo sitaki mjifunze kwa kukosea. Huyo mlipeni kila mwezi. Nyinyi ndugu wawili wekeni kauntabuku la nani ametia kiasi gani, leo, kabla meli ya kwanza haijatia nanga Kilindini.