Hempu Uganda: maswali yenu, majibu yangu

Kabla sijaanza, hempu sio ile katani ya mkonge jamani. Ni mmea uleule wa njaga, yaani bangi, ila mbegu zake zimechaguliwa ziwe na THC (ile kemikali inayolevya) kidogo kabisa, Ulaya na Marekani kikomo chao ni 0.3%.

"Kaka yangu yuko Ufaransa anataka kunitumia mbegu za Futura 75, nipande Luweero?"

Ndugu, mwambie asubiri kwanza. Hempu inahesabu masaa ya giza, usiku ukirefuka yenyewe inajua msimu unaisha inaanza kutoa maua. Sasa hizo za Ulaya zimezoea jua la mwezi wa sita ambapo Helsinki wanapata karibu masaa 19 ya mwanga, halafu wewe unazileta hapa jua linachomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni, Januari mpaka Desemba. Mmea hata kiunoni haujafika tayari umetoa maua, na ukishatoa maua kurefuka kunakwisha, nyuzi utatoa wapi? Udongo unaweza kuweka samadi, jua utaliwekea nini!

Ukitaka nyuzi tafuta mbegu za sehemu za joto, kama Yunma za Yunnan kule China au RPF za milima ya Thailand, na hata hizo jaribu mistari michache kwanza maana wao pia hawako kwenye ikweta kama sisi. Finola ya Finland haijali masaa ya mwanga ila ni fupi, hiyo ni ya mbegu tu.

"Nina shamba la bondeni Pallisa, tulikuwa tunalima mchele. Litafaa?"

Mama, hapo bakia na mchele. Hempu ikisimama kwenye maji ikiwa changa inageuka njano, inadumaa, na haiamki tena. Kama una sehemu ya juu kidogo, chimba shimo la kama sentimita 30, jaza maji, yakishuka jaza tena ukalale. Asubuhi ukiyakuta bado yapo, achana na hiyo sehemu. Yakiwa yameisha na udongo una pH (kipimo cha uchachu) kati ya 6 na 7.5 hivi, basi hapo tunaweza kuongea.

"Kabale na Kasese wapi bora?"

Kabale baridi, itakua polepole. Kasese joto lipo ila mvua haitoshi, bila maji ya mfereji usijaribu.

"Ni kweli hempu inaweza kugeuka bangi shambani?"

Kugeuka hapana, ila zile zinazolimwa kwa ajili ya CBD, kemikali yake nyingine isiyolevya, zina mtego. CBD na THC zinapanda pamoja ua likiendelea kukomaa, sasa mtu anachelewesha kuvuna ili CBD iongezeke, akipima anakuta THC imeshavuka kikomo. Pima mapema, tena mara kwa mara.

"Kibali ni lazima hata kwa robo eka?"

Hata kwa mche mmoja mzee. Sheria ya dawa za kulevya ya 2024 ipo na inauma, na askari akifika shambani hana mashine ya kupima THC, anaona jani tu.