Jibu: Nani anapanga vipande vya kioo cha darubini?

Mkuu, umeuliza kama optiki ya kujirekebisha (mfumo wa kioo kinachojikunja kufidia mtikisiko wa hewa) ndiyo inayopanga vipande vya vioo vya darubini kubwa. Kimsingi hapana. Ni kazi mbili, na wengi tunazichanganya.

Chukua darubini ya Keck kule Hawaii: kioo cha mita 10, vipande 36. Kila kipande kinasukumwa na mota 3, na kwenye kingo kuna vihisi 168 vinavyopima kama kipande kimepanda au kimeshuka kuliko jirani yake, hadi nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Fundi vigae wetu hapa Dodoma anaweka pima maji mara moja akamaliza. Kule kompyuta inasawazisha mara mbili kwa sekunde, maana darubini ikiinama uzito unavuta vipande, na joto likibadilika vyuma vinatanuka. Mpangilio wa kwanza hutokana na kupima nyota yenyewe, vihisi vinaulinda tu.

Optiki ya kujirekebisha inapambana na hewa. Kaa nje Chamwino usiku uone nyota za karibu na upeo zinavyometameta: hewa hiyo! Kioo kingine chembamba hujikunja mamia ya mara kwa sekunde kuifidia. Darubini ya James Webb ina vipande 18, iko anga za juu kusiko na hewa, na vilipangwa mwaka 2022 bila optiki hiyo.