Usimruhusu fundi akate mabawa ya hiyo Cessna. Mimi niliruhusu

Mkuu, mpigie huyo fundi sasa hivi, mwambie azime grenda. Kiingilio, choo cha wageni na kibanda cha chipsi ulivyouliza vitasubiri. Umeandika kwamba umepata bodi ya ndege ndogo, Cessna 206, mkoani, unataka kuileta Kigamboni iwe mwanzo wa makumbusho yako ya ndege za zamani, na eti "fundi kasema atakata mabawa ipite barabarani, tukifika anachomelea". Chai ilinipalia. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, na sitashangaa kama ni mdomo uleule.

Yangu nayo ilikuwa 206, ya miaka ya 70. Haina injini, haina pangaboi, ndani wamejaa popo. Nikaipenda hivyohivyo. Tatizo likawa kuisafirisha: ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni takriban mita 11, hakuna semi itakayopita nayo Chalinze. Hapo akajitokeza jamaa aliyejitambulisha kama fundi ndege. Baadaye nilikuja kujua kitu pekee alichowahi kupaisha ni bei. Akachora mstari wa chaki nusu mita kutoka kwenye bodi, akasema "bosi, saa mbili tu".

Sasa sikiliza. Mafuta ya Cessna hizi hukaa ndani ya mabawa, upande wa karibu na bodi, yaani palepale alipochora chaki. Na tangi lililobaki mvuke ni baya kuliko lililojaa. Hakufungua mfuniko hata kunusa. Cheche zinaruka, mimi nimesimama hatua tatu napiga picha za kuweka status. Kama kulikuwa na tone limebaki mle, leo ungekuwa unasoma uzi wa rambirambi.

Tulifika salama. Nikajiona mjanja kweli. Kisha ikaja siku ya kuchomelea.

Alumini inayotumika sana kwenye ndege imechanganywa na shaba, ile wanayoiita namba 2024, na haikubali kuchomelewa kwa njia za kawaida. Inapasuka pembeni ya mshono, na ugumu wake unakufa pale moto ulipopita. Ndiyo maana ndege imejaa ribiti, ile misumari ya kubania bati, mwili mzima, si kwamba waliotengeneza walikosa mashine ya kuchomelea! Na tulichokata si bati la juu tu. Ndani ya bawa kuna boriti inayobeba uzito wote, nayo tuliipitisha grenda kama muwa.

Mtaalamu wangu aliposhindwa kuchomelea hakukiri. Alileta vyuma vya pembe, akatoboa, akafunga kwa bolti za duka la vifaa vya ujenzi, akapaka silva juu. Ikapendeza, nikamlipa na ya soda. Lakini chuma kikigusana na alumini halafu upepo wa bahari ukaleta chumvi, vinafanya kazi kama betri, na anayeliwa ni alumini. Mwaka wa pili kila bolti ilikuwa imezungukwa na unga mweupe. Bawa la kushoto likaanza kuinama. Wageni wakiuliza nawaambia "hapo inakata kona".

Asubuhi moja nikalikuta limelala mchangani. Jana yake watoto wa shule walikuwa wamekaa kivulini mwake wanakula ubuyu. Sikufungua geti tena. Niliiuza kwa kilo, na mnunuzi wa chuma chakavu akanipunguzia bei kwa sababu ya vile vyuma vya pembe. Ukijumlisha bodi, semi, fundi, kreni mara mbili na rangi, ningepata Noah nzuri tu.

Kinachoniuma mpaka leo ni hiki: bawa la 206 limeshikwa na bolti chache tu. Zipo za boriti ya mbele, ya nyuma, na za ule mguu unaoshuka kutoka kwenye bawa hadi kwenye bodi. Unamwaga mafuta yote, unaachia mabomba, nyaya na kebo huku ukiweka alama kila kitu, unaegemeza bawa kwenye vigoda, unafungua. Mkia wa ulalo nao fungua, una karibu mita 4. Hata Dakota za East African Airways, lile shirika la zamani la Afrika Mashariki, hizo DC-3, mabawa yake ya nje yalifungwa kwa bolti. FUNGUA, USIKATE. Mtafute fundi ndege mwenye leseni ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, mlipe siku mbili. Ukisikia bei yake utaguna. Guna, kisha lipa.

Uliandika pia kwamba ndoto yako ni VC10 ya East African, ile jeti kubwa ya abiria. Ipo, ila si huku: 5H-MOG, namba ya usajili ya Tanzania kabisa, ndiyo VC10 ya mwisho kutengenezwa. Jeshi la anga la Uingereza waliigeuza ya kujazia wenzake mafuta hewani hadi 2013, kisha ikapelekwa kutunzwa Dunsfold, hukohuko Uingereza. Wenzake wengi walikatwakatwa. Na grenda, bila shaka.

Hayo mengine: kabla hujalipa, omba karatasi za kufutwa kwenye usajili, usije ukanunua ndege ya mtu. Kiingilio weka elfu mbili, watoto buku. Chipsi sijui, mimi nilikuwa nauza madafu.

Kama umeshampa advansi, mwachie. Piga picha pale bawa linapokutana na bodi, pande zote mbili, na mguu wa bawa juu na chini, unitumie PM leo. Nitakuzungushia kila bolti kwa wino mwekundu.