Seli inajuaje kipi chake na kipi kimejipachika?

SWALI: Mhariri nimesikia karibu nusu ya DNA yetu ni vipande vinavyojinakili na kuhamahama, sasa kama ni kweli mbona hatuharibikiwi? Na seli inavitambuaje?

JIBU: Ni kweli, asilimia 45 hivi ya jenomu ya binadamu (yaani DNA yake yote) imetokana na vipande hivyo, vinaitwa transposoni. Aliyezigundua ni Barbara McClintock wa Marekani, kwenye mahindi, miaka ya 1940, wengi hawakumwelewa na Nobel akaja kupewa 1983. Ila nyingi zilishakufa zamani. Ile inayoitwa L1 tunayo nakala kama 500,000 lakini zinazoweza kuruka bado hazizidi mia hivi, na hizo chache si za kuchezea, ikitua moja katikati ya jeni muhimu ni ugonjwa, kuna watu wamepata hemofilia (ugonjwa wa damu kutoganda) hivyohivyo.

Seli inazizima kwa kubandika alama ndogo za kikemia, methili, kwenye DNA ya transposoni na kuikunja sehemu ile ibane isisomeke. Lakini swali lako la pili ndo tamu zaidi, maana seli haikuzaliwa na orodha ya maadui. Kuna maeneo kwenye kromosomu yanafanya kazi kama mtego, transposoni inarukaruka weee mpaka siku inatua humo, ikishanasa basi, seli inanakili eneo lile kuwa RNA (nakala ya muda ya DNA) na kuikatakata nakala hiyo iwe RNA fupi za herufi 24 hadi 31 hivi, zinaitwa piRNA, zinabebwa na protini za Piwi zinazokata RNA yoyote inayolingana nazo, yani ile ya transposoni, na vile vilivyokatwa vinatumika kutengeneza piRNA nyingine, yani adui akizidi kujitokeza ndo silaha zinaongezeka! Kazi hii inafanyika hasa kwenye korodani na ovari, kwa sababu uharibifu wa huko unarithiwa. (Bakteria nao wana mbinu inayofanana na hii, CRISPR, wanatunza kipande cha DNA ya kirusi aliyewavamia ili wamtambue akirudi.)

Mi kinachonishangaza kuliko vyote ni nzi wa matunda. Dume mwenye transposoni iitwayo P akizaa na jike asiye nayo, watoto mara nyingi wanatoka wagumba. Geuza sasa, jike ndo awe nayo na dume hana: watoto wazima kabisa, na jeni walizorithi ni zilezile! Tofauti ni kwamba jike mwenye P anaweka piRNA zake ndani ya yai, hivyo mtoto anaanza maisha ulinzi ukiwa tayari, wakati yule wa kwanza ameachiwa transposoni peke yake.