Kuhusu swali lako la Ron Washington

Mwanangu,

Mama yako hajambo, anakusalimu. Umeniuliza ilikuwaje Washington, aliyecheza mechi 564 tu za ligi kuu ya besiboli ya Marekani kwa wastani wa kupiga wa .261 (mipigo 26 hivi iliyofaulu katika kila 100), akakabidhiwa umeneja wa timu ya Texas Rangers mwaka 2007 wakati wachezaji waliomzidi mbali hawakukabidhiwa kitu. Nitaanza na alivyofundisha, maana umeneja wake ulitoka huko.

Unanijua: mpira wa chini, ule unaodunda ardhini, hudakwa kwa miguu. Utasema, mbona Washington anawapigisha wachezaji magoti? Ndiyo, anawapigisha. Anasimama hatua chache mbele yao na lile gongo jembamba la mazoezi, anawapigia mipira mifupi mfululizo, upande wa glavu, kisha upande wa pili. Aliyepiga magoti hana miguu ya kumwokoa, kwa hiyo kosa la mkono linaonekana hapo hapo. Glavu iwe chini kabla mpira haujafika, imefunguka, imetangulia mbele ya macho. Anayeiteremsha kwa kuchelewa, mpira humpita chini yake. Anayeurukia mpira kwa mkono mgumu, humdunda ukatoka. Mikono ikishatulia ndipo anamsimamisha, na hapo miguu inachukua kazi: kuufuata mpira uudake mwanzoni au mwishoni mwa mdundo, si katikati. Katikati ndipo panapoleta aibu.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya akiwa kocha katika timu ya Oakland tangu 1996 hadi 2006, na mchezaji wake Eric Chavez, mdakaji wa kituo cha tatu, alimpa moja ya tuzo zake za Gold Glove, za udakaji bora. Mchezaji hampi mtu kitu kama kile kwa adabu tu. Rangers walipompa timu, mwaka 2010 aliwafikisha World Series, fainali ya ligi ambayo bingwa ni wa kwanza kushinda mechi nne, kwa mara ya kwanza katika historia yao, na 2011 akawarudisha.

Sasa 2011. Sikukusudia kufika huku, lakini siwezi kumtaja Washington nikairuka tarehe 27 Oktoba. Mechi ya sita ya fainali, nyumbani kwa wapinzani wao St. Louis, Rangers wanaongoza michezo 3 kwa 2. Awamu ya tisa, ya mwisho kama hakuna sare, wako mbele 7 kwa 5, St. Louis wana auti mbili kati ya tatu, wakimbiaji wao Pujols yuko kituo cha pili, Berkman cha kwanza. Mrushaji wa Rangers, Neftalí Feliz, amempata mpigaji David Freese kwa straiki mbili; ya tatu humtoa. Imebaki moja wawe mabingwa! Freese anaupiga kwenda kulia, Nelson Cruz, mdakaji wa Rangers upande ule, anarudi nyuma kiubavu, anaruka, mpira unampita, wote wawili wanaingia. Saba kwa saba. Awamu ya kumi Hamilton wa Rangers anapiga homrani, mpira unatoka nje ya uwanja, 9 kwa 7, na kwa mara nyingine inabaki straiki moja, Berkman anasawazisha. Ya kumi na moja, Freese tena, homrani, St. Louis wameshinda. Kesho yake mechi ya saba nayo ikaenda.

Ukiongoza kwa pointi mbili na mwenye pointi ya kusawazisha yuko kituo cha kwanza, mchezaji wa kulia husimama nyuma sana. Mpira ukianguka mbele yake, anaingia mmoja tu. Ukimpita kichwani, wanaingia wote. Cruz hakuwa nyuma vya kutosha. Tatizo lilikuwa miguu yake, tena kabla mpira haujarushwa. Na benchi alikuwepo Endy Chavez (usimchanganye na Eric), mwepesi kuliko Cruz kabisa.

Lakini umtoe Cruz? Alikuwa na homrani nane katika mechi za mtoano mwaka ule, moja aliipiga usiku ule ule awamu ya saba. Wakisawazisha, awamu ya kumi ungemtaka nani ashike gongo? Basi mwache, lakini mrudishe nyuma hatua tano. Hiyo haigharimu chochote. Ila anayesimama pale ni mtu mzima wa ligi kuu, naye ana macho. Ila tena, meneja ana mkono wa kumpungia.

Na meneja wa upande wa pili alikuwa Tony La Russa, naye aliwahi kuwa mdakaji wa karibu na vituo kama Washington, mechi 132, wastani .199. Kwa hiyo usiniambie namba za kupiga ndizo ziliamua.

Kama Washington alikosea, sisemi. Nusura niseme. Ukija Desemba tuitazame awamu ile ya tisa pamoja, usimamishe picha kabla Feliz hajarusha, uniambie wewe ungemweka Cruz wapi.

Baba yako